Uulize Mpira Umelala Wapi

Juzi mlinikuta kwenye benchi langu nje ya kibanda cha gofu, nikijifanya nasinzia ili nisikie mnavyonisema, na mmoja wenu akanisogezea simu usoni. Kwenye kioo kulikuwa na mpira mweupe unaong'aa, wa chapa ambayo hapa Kisangani hakuna mtu amewahi kuisikia, na bei yake ilikuwa ya kumfanya mtu akohoe. "Papa Lifoka," mkaniuliza, "hii iko na maana? Jina yake haijulikane, lakini bei iko juu sawa na ile ya majina makubwa. Tununue ao tuache?" Nikawaambia nitajibu kesho. Kesho ikapita, na kesho kutwa nayo ikapita, mkaanza kusema mzee amesahau. Sijasahau. Jibu ninalo, ila ni refu na lina watu ndani yake, ndiyo maana nimeona niliandike. Msome polepole, na mwenye haraka aende akabebe mifuko, wachezaji wanamngoja.

Najua mnaniona kama mzee wa kufagia kibanda tu. Ninyi wabeba mifuko wa leo mnavaa kofia nzuri na mnapanda pikipiki kuja kazini. Mimi nilikuja hapa kwa miguu, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, na sikujua hata kwamba mtu mzima anaweza kukipiga fimbo kitu kidogo namna hiyo na kukifuata mchana kutwa. Nilibeba mifuko, kisha nikatunza uwanja, kisha nikawa mkubwa wa wabeba mifuko na muuzaji wa mipira hapa kibandani. Nimestaafu sasa, lakini miguu haijaambiwa.

Kabla hujauliza mpira upi ni mzuri, uliza unachezewa wapi. Hili alinifundisha Papa Anselme, aliyekuwa hapa kabla yangu, mtu mfupi, mkali, mwenye kucheka na nafsi yake. Yeye alikuwa akisema mipira inatengenezwa na watu waliofikiria majani laini kama godoro, halafu inakuja kwetu. Kwetu shimo halijachimbwa kwenye majani. Limechimbwa katikati ya duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini, tunaloliita buruni, na kabla ya kuusukuma mpira unaburuta ubao kulisawazisha. Ukitoka hapo unakutana na kokoto nyekundu, halafu nyasi zinazopita magoti mvua ikinyesha, halafu mto Tshopo wenyewe, ambao haujawahi kumrudishia mtu kitu.

Na mto ukichukua, wavuvi wanapata. Wengi wenu hamjui kwamba zamani mipira yetu ilikuwa ikifanya kazi ya pili. Mvuvi akiupata kwenye matope, anautoboa kwa msumari wa moto, anaupitisha kamba na kuufanya uzito wa wavu. Mchezaji mmoja, mfanyabiashara wa mbao, aliwahi kuona mpira wake wenye herufi za jina lake unaning'inia kwenye wavu, akaudai kwa sauti kubwa. Mvuvi akamwambia, "Sawa, papa, chukua, lakini na weye uingie mu mayi pa fasi yake." Tangu siku ile aliacha kuandika jina.

Kunguru nao wana sheria yao. Kunguru akibeba mpira wako, unaweka mwingine palepale na huhesabiwi kosa, ila lazima awepo shahidi. Papa Anselme aliongeza kwamba shahidi asiwe wa familia.

Sasa, mipira ya bei kali. Ganda lake ni laini; ukiubonyeza kwa ukucha unaacha alama. Ulaini ule umewekwa ili mpira ukitua kwenye majani ushike, uzunguke, usimame. Kwenye mchanga wetu kila mpira unasimama, hata wa bei ya karanga, kwa sababu mchanga haujali cheo cha mtu. Alikuja mgeni kutoka Kinshasa, kijana mtanashati, kiatu cheupe, akafungua mfuko wenye mipira ya jina kubwa kabisa. Shimo la pili tu, kokoto zimeuchana mpira wake kama mtu aliyekatiza shamba la mananasi. Akaniuliza kama nina mwingine wa aina hiyo. Nikampa mgumu, wa kawaida, akacheza nao mpaka mwisho akiwa na furaha, na alipoondoka akaniachia ule uliochanika uwe ukumbusho. Sijui alitaka unikumbushe nini.

Kwa hiyo jina kubwa peke yake halikusaidii kitu. Na wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji: nimeona mipira ya majina makubwa iliyotengenezwa kivivu, na nimeona ya kughushi iliyoandikwa jina lilelile kwa herufi moja iliyopinda. Ndiyo maana Papa Anselme hakusoma jina. Alikuwa na pete, kipande cha bomba la chuma alichokikata na kukisugua mpaka mpira mzima upite ndani yake bila kugusa, upande wowote utakaougeuza. Mpira uliopinda unakwama. Pia alikuwa na ndoo ya maji yenye chumvi nyingi, nyingi mpaka mpira unaelea. Unauzungusha, unatia alama ya kalamu upande uliobaki juu, unauzungusha tena. Kama alama ileile inarudi juu kila mara, mpira huo moyo wake umekaa upande, nao hautakwenda ulikoutuma. Mke wake alikuwa akilalamika juu ya chumvi. Alipozeeka aliniachia pete. Ndoo ilibaki kwa mke.

Nimewaambia haya yote ili mumwelewe Ramazani.

Ramazani mnamfahamu, ingawa mnamwita tonton kama mjomba wenu na kumwomba apunguze bei. Ni yule wa soko kuu, mwenye meza ya jezi, viatu na mipira ya kila namna. Familia yao ni ya wafanyabiashara tangu mababu, Waislamu wa zamani wa mji huu, na marehemu baba yake alikuwa na sifa moja: hakuuza kitu ambacho asingempa ndugu yake. Watu walikuwa wakinunua kwake bila kufungua karatasi. Ramazani alirithi meza na akarithi sifa, na kati ya hivyo viwili alikuwa akiogopa kupoteza kimoja tu.

Miaka michache kabla sijastaafu alikuja hapa kibandani akitokwa jasho, amebeba boksi dogo la kijani lenye picha ya korongo amesimama kwa mguu mmoja. Binamu yake aliyekuwa akisafiri mbali kwa biashara alikuwa amemletea katoni nzima ya mipira ile. Chapa haikujulikana. Bei ilikuwa sawa na ya wakubwa.

"Ramazani, umeumwa malaria?" nikamuuliza. "Nani atalipa ile bei juu ya ndege?"

"Papa Lifoka, jaribu kwanza. Ukisema iko mubaya, narudisha katoni yote. Ukisema iko muzuri, naiuza kwa jina ya papa yangu."

Nikaupitisha mmoja kwenye pete, ukapita. Nikatia chumvi, mke wangu naye akalalamika, mpira ukaelea na kuzunguka bila kuchagua upande. Nikaupiga. Wanangu, nimepiga mipira mingi katika maisha yangu, lakini ule ulitoka kwenye fimbo kimya, ukanyooka, ukakaa hewani mpaka kunguru wakageuza vichwa. Ganda lake lilikuwa laini lakini gumu kuchanika, nikaugongesha kwenye kokoto kwa makusudi ukatoka na mkwaruzo tu. Nikamwambia Ramazani ukweli: ni mzuri. Boksi lile la majaribio akaniachia, nikaliweka kwenye kabati la kibanda nyuma ya madaftari, na nikalisahau huko.

Ilikuwa mwanzo wa mvua kubwa, wachezaji ni wachache, na Ramazani akaamua kulingoja jua ndipo auze. Mabati ya nyumba yake yalikuwa yakivuja na meza ya sokoni haina stoo. Akavuka mto mkubwa na katoni kwa pirogi hadi Lubunga, kwa shangazi yake, Mama Hadija, aliyemlea tangu utotoni. Mama Hadija alikuwa mwanamke mwembamba, msafi, mkaushaji wa samaki anayejulikana ng'ambo zote mbili. Ramazani alinieleza baadaye alichomwambia siku ile: "Tantine, ni mupira ya bei. Unichungie, isipate mayi." Basi. Maneno hayo tu, kisha akavuka kurudi.

Jua lilipofika, tulialika wachezaji wa Bunia kwa mashindano ya kirafiki, mnayasikia mpaka leo watu wakiyasimulia. Ramazani akaichukua katoni Lubunga, akaja na kuipanga kwenye meza hapa mbele ya kibanda, na akasema kwa sauti ambayo baba yake angeitambua: "Mi nauza hii kwa jina ya papa yangu. Mwenye kuona mubaya, arudishe." Mimi nikaongeza neno langu. Docteur Mbula, aliyekuwa nahodha wetu, mtu mnene, mcheshi, mwenye kupenda vitu vipya, akanunua wa kwanza, na wengine wote wakafuata.

Docteur akapiga. Mpira ukaanza vizuri, halafu ukakumbuka shughuli nyingine, ukakata kona kuelekea mtoni. Tukacheka, tukasema ni mkono wake. Akapiga wa pili, ukafanya vilevile. Wa mtu mwingine ukatua karibu, mzito, hauna uhai. Wa mwingine tena ukapasuka kwenye fimbo, ganda likafunguka mbele ya wageni. Mmoja wa wageni wa Bunia akaunusa na kusema, "Mipira yenu inatamanisha chakula." Tulidhani anatudhihaki kwa sababu tunashindwa, na kweli tulishindwa, vibaya.

Nilimtazama Ramazani. Alikuwa akikunja ile karatasi ya kijani ya boksi, anaikunja na kuikunjua, na nilimhurumia mpaka nikaenda kuburuta ubao kwenye buruni lisilohitaji kuburutwa.

Mji huu habari zake hazingoji pirogi. Wiki ile ile sokoni watu walikuwa wakisema mtoto wa mzee yule sasa anauza takataka kwa bei ya dhahabu. Waliokuwa wamenunua mipira wakarudisha, na alipokea yote, akawapa badala yake chochote walichokichagua mezani. Halafu wakaanza kufungua karatasi. Hicho ndicho kilichomuuma. Mama mmoja, mteja wa siku nyingi, alinunua soksi za mwanawe, akasimama palepale akazifungua na kuzivuta kuona kama zitachanika. Baba yake hakuwahi kuona kitu hicho.

"Mi natoka mu hii kazi," Ramazani aliniambia. "Nitaenda Goma kwa binamu. Meza nampa mwenye anaitaka."

"Kwa sababu ya mipira?"

"Papa, haiko mupira. Batu wanafungua karatasi."

Nilikasirika. Nilikuwa nimeutia mpira ule kwenye pete na kwenye chumvi, nilikuwa nimeupiga mwenyewe. Au nimezeeka macho? Nikafungua kabati kutafuta kitu kingine kabisa, nikaliona boksi la majaribio. Nikatoa mpira mmoja, nikauweka mezani karibu na mmoja wa iliyorudishwa. Wa kabati ulikuwa mweupe kama jino la mtoto. Wa pili ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyochemshwa. Siku ya mashindano hatukuwa na wa kuulinganisha nao, tukadhani ndivyo ulivyozaliwa. Nikachukua pete. Mweupe ukapita. Wa pili ukakwama. Nikajaribu mwingine, na mwingine, yote ikakwama, kila mmoja umevimba upande wake. Chapa moja, katoni moja, binamu mmoja.

Nikamwita Ramazani. "Kaa. Niambie, hii mipira ililala wapi mvua yote?"

"Ku Lubunga, kwa tantine."

"Fasi gani ndani ya nyumba?"

Nikaona uso wake ukibadilika. Wale wa kwetu mnajua: nyumba za Lubunga maji huingia. Ukimwambia mtu wa kule kitu kisipate maji, hakiweki chini, hakiweki kabatini. Anakipandisha juu ya uchaga, ile chanja ya fito juu ya moto, mahali pakavu kuliko pote, wanapowekwa samaki na mbegu ya mahindi ya mwaka unaokuja. Mama Hadija alikuwa ameichunga katoni vizuri kabisa. Alikuwa ameikausha pamoja na samaki, asubuhi hadi jioni, mpaka mvua ikaisha.

Na sisi hatukusikia harufu! Mgeni wa Bunia alisikia. Sisi mji wetu unanuka moshi wa samaki, pirogi zinanuka, shati la Ramazani linanuka, mimi nimezaliwa ndani yake. Pua haina habari ya harufu ya kwao.

Nilicheka, nakiri, nilicheka kwa raha. "Ramazani, umepona! Mipira ni mizuri, ni moto ulioiharibu. Kesho nawaambia wote."

Hakucheka. "Usiseme."

"Juu ya nini?"

"Papa Lifoka, nakuomba. Batu watasema nini? Mama muzee wa Lubunga amepika mupira. Watamucheka mpaka ku soko. Atasikia. Usiseme."

"Basi uende Goma na jina la mtu mwongo?"

"Jina ni yangu. Nitaibeba."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia baba yake angemchapa. Alisikiliza, akainuka, akaniomba mara ya tatu, na mtu akikuomba mara tatu kwa sauti ya chini huna la kufanya. Nikafunga mdomo. Wachezaji walikuwa wakinitania juu ya korongo wangu, nami nikatazama mto.

Wahenga wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema kama chema kikiungua kinafanya nini.

Kilichotokea baadaye sikukifanya mimi. Mama Hadija alivuka na beseni la samaki kwenda soko kuu, kama kawaida yake, akapitia meza ya mwanawe kumsalimia. Wakati uleule Docteur Mbula alikuwa amekuja kurudisha mpira wake wa mwisho, aliokuwa amesahau kwenye gari. Aliuweka mezani kwa adabu, bila maneno. Mama Hadija akauokota, kwa udadisi tu. Akauleta karibu na uso. Ramazani aliniambia kwamba hapo alitamani meza imwangukie.

"Hii iko na moshi yangu," Mama akasema.

"Hapana, tantine, ni harufu ya soko."

"Ramazani. Ku Lubunga batu wote wanachoma kuni tu. Mi peke yangu natia maganda ya ngazi, ile mbegu ya mawese, njo samaki inapata ile rangi. Hii ni moshi yangu. Ni ile mupira uliniachia?"

Mama akamtazama Docteur, akautazama mpira, akaitazama meza ambayo vitu vyake vilikuwa vimepungua. Hakuuliza tena. Alijitwika beseni akaondoka, na samaki hakuuza siku ile.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumeanza kucheza nikaona mtu anakatiza katikati ya uwanja, wima, beseni kichwani, kitambaa cheupe, wala hatazami kulia wala kushoto. Nikapiga kelele, "Mama, toka! Mipira!" Akanipungia mkono kama ninayemsalimia. Wachezaji wakasimama na fimbo zao. Akafika hapa mbele ya kibanda, akatua beseni, akangoja wote wakusanyike, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kutokusanyika, wakaja.

"Mi naitwa Hadija," akasema, "ni mi nilimukomalisha Ramazani. Alinipa mupira yenu niichunge, akasema isipate mayi. Mi niliiweka juu ya moto, juu mi kitu ya maana nawekaka pale. Sikujua mupira inaogopa moto. Mutoto yangu hakuuza kitu mubaya. Mwenye kucheka, anicheke mi, niko hapa."

Hakuna aliyecheka. Ramazani alikuwa amesimama nyuma ya wengine, ameinamisha kichwa.

Docteur Mbula akasogea mbele. Nilikuwa na wasiwasi, maana alikuwa mtu wa mizaha. Akavua kofia. "Mama, na ile samaki mu beseni, nayo imelala fasi moja na mupira?"

"Fasi moja."

"Tunaweza kuonja?"

Alikuwa ameleta samaki mmoja kwa kila mtu aliyerudisha mpira, amewafunga kwa majani, na alituita mmoja mmoja kama anayegawa sadaka. Tulikula pale nyasini, mafuta yakitutiririka kwenye glavu. "Bon," Docteur akasema, akiwa amejaza mdomo, "mupira imeharibika, lakini hii ni première qualité, ya kwanza kabisa. Mama, alors, mupira uiache ku soko. Samaki iendelee kukaa pale." Hapo ndipo watu walicheka, na Mama Hadija akacheka kuliko wote, mkono mdomoni.

Nikatoa boksi la kabatini. Kila mmoja akapiga mpira mmoja. Docteur alipopiga wake, ukanyooka mpaka alisahau kushusha fimbo, na kabla jua halijazama alikuwa ameagiza wake wa katoni itakayofuata. Sokoni habari zikafika kabla yetu, safari hii za kweli. Mama yule wa soksi alirudi kununua viatu, na Ramazani aliniambia alivibeba hivyohivyo, karatasi imefungwa.

Sasa jibu lenu, kabla hamjanilaumu. Mpira wa bei kali usio na jina unaweza kuwa sawa na wenye jina. Nimeona kwa macho na kwa pete. Lakini kwa ninyi ambao bado mnaupeleka mmoja kati ya mitatu mtoni, na kwa buruni letu la mchanga, tofauti yake na mgumu wa kawaida mtaiona mara chache kuliko mnavyoona kunguru akirudisha. Nunueni mgumu, mjifunze. Siku mkono wako ukitulia, nunua mmoja wa bei, usinunue boksi. Uupitishe kwenye pete, iko pale kwenye msumari nyuma ya mlango, na mkiipoteza nitawajua. Na muuzaji akikusifia jina, muulize mpira umelala wapi. Akikutajia mahali bila kubabaika, mrudie kesho. Haya ndiyo ninayoyajua.

Ila kuna kitu nilikuwa sijakijua siku ile, na ndicho kilichonifanya niandike.

Mama Hadija alifariki mwaka jana, mliona tulivyofunga kibanda. Baada ya maziko nilikaa na Ramazani Lubunga, nje ya nyumba ya marehemu, mlango uko wazi na uchaga unaonekana, mtupu, mweusi, moto umezimwa kwa mara ya kwanza. Nikamwuliza swali lililokuwa likinikera miaka yote. Kama shangazi yake asingepita pale mezani, angekwenda kweli Goma na aibu ile, kwa neno dogo ambalo yeye au mimi tungeweza kulisema?

"Ningeenda," akasema.

"Juu ya kuogopa watu wamcheke?"

Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole ndani, pale chini ya uchaga.

"Papa, mi nilizaliwa mbele ya mwezi yangu kutimia. Mama yangu alikufa ile siku. Nilikuwa mudogo sana, batu walikuwa wanasema huyu hatafika kesho. Tantine alinitia mu kikapo, akaniweka pale, karibu na moto, mvua yote ile. Samaki juu, mi chini. Njo niliponea." Akafuta macho kwa kiganja. "Ile katoni aliiweka ku fasi yangu. Sasa mi ningeanzia wapi kumwambia ile fasi inaharibishaka?"

Tukaingia ndani, tukakusanya maganda ya ngazi yaliyokuwa yamebaki kwenye kikapu pembeni, na Ramazani akawasha moto.